Kuku Walikunywa Chini ya Gari

Keti kwanza, mwanangu, safari itakungoja. Nakumbuka siku moja ambayo siisemi mara nyingi, na marehemu baba yako hakuisema kabisa.

Tulikuwa vijana, tunakaa hapa hapa Mbunya, nami nina mimba ya kwanza. Baba yako alikuwa na gari kuukuu alilolipenda sana. Kila asubuhi kuku wa jirani walikuja kunywa maji chini yake, upande wa mbele, nasi tukicheka. Injini ilipoanza kulia kama mlango uliokosa mafuta, yeye aliongeza sauti ya redio. Mshale wa joto ukipanda, alisimama penye kijito, akajaza bidoni, lile dumu lake la maji, na kumimina kwenye rejeta.

“Iko na kiu,” alikuwa akisema. Madereva wote walisema hivyo.

Uchungu ulinishika Bule, nyumbani kwa mama, kabla ya wakati wake. Tukaondoka mbio kuelekea hospitali ya Bunia. Mlimani mvuke ukafunika kioo, gari likazima. Baba yako akamimina bidoni nzima, maji yakatokea chini palepale. Kaka yako mkubwa alizaliwa kando ya barabara. Hakulia. Uzee huu wote, bado naumia.

Baada ya mazishi alikuja babu yako, aliyekuwa dereva wa malori. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akashika puli ya pompa ya maji na kuitikisa. Ikacheza kama jino bovu, na chini yake palikuwa na mchirizi mweupe wa maji yaliyokauka. Hakupaza sauti.

“Gari haina kiu, mwana. Iko natoka damu. Weye ulikuwa naongeza tu maji, haukuuliza inaendaka wapi.”

Baba yako alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akalia mbele ya watu.

Basi nisikilize. Kitu kinachotaka kujazwa kila siku, usikijaze tu na kujipongeza. Inama utazame kinapovuja, kiwe gari, kiwe nyumba yako na mkeo. Na kikikulilia, zima redio.

Mkeo yuko karibu kujifungua, na leo asubuhi nimewaona kuku wakinywa chini ya gari lako. Niachie funguo hapa, ukamwite fundi.

Mungu akupe masikio mapema, mwanangu. Na mtoto wako akizaliwa, alie, alie mpaka Mbunya nzima imsikie.