Chuma cha Marehemu Jirani

Ijumaa asubuhi trekta la taka hupita mtaani kwetu Msamala, na mimi hulitangulia kwa nusu saa. Sioni sababu ya kulificha jambo hili, maana mtaa mzima unalijua. Watu hutoa mifuko yao, huiweka kwenye kizimba cha matofali pale kona, kisha mwanaume mzima mwenye shahada mbili na miwani iliyoungwa kwa gundi huja kuangalia wamekosea nini.

Na wanakosea sana. Rafu yangu ya vitabu ni mlango wa kabati la mtu aliyehamia Mbeya. Feni ya sebuleni ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, waya uliotafunwa na panya. Meza ninayoandikia haya ilitupwa kwa kukosa mguu, nikaipa mpini wa jembe, na sasa ni mguu huo peke yake usiotikisika. Wasomi wenzangu huiita kazi hii kurejeleza, na huifanyia semina zenye chakula cha mchana. Mke wangu huiita kuokota. Mke wangu ndiye aliye sahihi.

Vijana wa bodaboda wanaoegesha pale kona hawajawahi kuchoka nami.

"Shikamoo mwalimu. Umepoteza nini humo?"

"Marahaba. Nimepoteza aibu."

"Umeipata?"

"Bado. Lakini nimepata pasi."

Hata hivyo nilikuwa na mpaka. Mtaani kwetu mtu akifa, nguo zake hugawiwa ndugu siku ya kuanua tanga, lakini vyombo vya ugonjwa wake havigawiwi. Godoro alilolalia, beseni aliloogeshewa, fimbo aliyoegemea, vyote hupelekwa kizimbani, na hakuna anayevigusa mpaka trekta livichukue. Inasemekana ugonjwa hubaki humo ukisubiri mtu mwingine. Niliwahi kuandika makala ndefu gazetini nikiicheka imani hiyo. Kisha Ijumaa iliyofuata nililikuta kizimbani godoro zuri la mama mmoja aliyezikwa Jumanne, nikalizunguka kwa mbali kama watu wengine wote.

Mpaka huo niliuvuka kwa sababu ya mama yangu.

Mama aliteleza akitoka kuanika mihogo kule Lusewa, akavunjika nyonga. Hospitali walimtia vyuma, wakampa siku zake za kulala, kisha daktari akamwambia mbele yangu kwamba kazi iliyobaki ni yake. Atembee kila siku, kidogo kidogo, akijishikilia kwenye kile chuma cha miguu minne wanachosukuma wazee mbele yao. Asipotembea mguu utakauka na hatainuka tena. Tukamleta kwangu. Chuma chenyewe sikukipata duka lolote hapa Songea. Kila muuzaji aliniambia kitaagizwa Dar, nisubiri. Nikasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya nne.

Wakati huo mama aliegemea mabega yetu. Mke wangu anafundisha shule ya msingi, huondoka mapema, kwa hiyo bega la asubuhi lilikuwa langu. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini. Siku ya kwanza mama alizitembea kimya. Siku ya pili akasema, "Mwanaume mzima kumpeleka mama yake chooni. Nimekosea wapi mimi?" Siku ya tatu akaacha kunywa chai asubuhi ili asihitaji kwenda. Baadaye akaacha na maji. Mke wangu aligundua kwa kuona midomo yake imepasuka, na haikuwa baridi ya Juni peke yake iliyoipasua.

"Mama hatembei," mke wangu aliniambia. "Anajifunza kutokunywa."

Basi jirani yetu akafa. Alikuwa bwana misitu mstaafu, mtu wa Matogoro aliyejenga ukuta kwa ukuta na sisi, na miaka yake miwili ya mwisho aliishi na presha na miguu iliyokataa kumbeba. Watoto wake walimletea kutoka Dar chuma cha miguu minne, cha kijani. Kila alfajiri alitoka nacho chumbani hadi barazani na kurudi, na mguu mmoja wa chuma hicho ulikuwa ukilia kwi, kwi, kama mlango wa stoo. Tulimzika vizuri. Tanga likaanuliwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaenda kona na kiroba changu, na juu ya kizimba, kati ya godoro na beseni, kilisimama chuma cha kijani.

Nisingependa kusema kwamba nilikichukua kwa ujasiri. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikasubiri kijana wa bodaboda apate abiria, nikakiingiza kwenye kiroba miguu ikitokeza nje, nikapita uchochoroni kama mwizi wa kuku. Nyumbani nilikisugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuoshea choo, mara tatu. Kama hakuna ugonjwa ndani ya chuma, mara moja ingetosha. Hizo mbili zilizobaki sijui nilikuwa namwoshea nani.

Kisha nikafanya kosa. Niliona nikibadilishe rangi ili mama asikijue, wala wafiwa wasikijue. Stoo nilikuwa na kopo la rangi ya silva, nusu, nililoliokota kizimbani mwezi Novemba uliopita. Sikujiuliza lilitoka wapi. Nilipaka mara mbili. Kiling'aa kikawa kipya kabisa, na nikakipeleka chumbani kwa mama nikiwa nimejitayarisha.

"Mama, mzigo wako wa Dar umefika."

Akagusa mshikio kwa kidole. Akakishika kwa mikono miwili, akainuka, akapiga hatua. Kwi. Akasimama. Mimi nikakohoa. Akapiga nyingine. Kwi.

"Cha Dar," akasema.

"Ndiyo mama."

"Dar nao wanauza vitu vinavyolia."

Akaenda chooni peke yake, akafunga mlango kwa ndani. Jioni ile alikunywa vikombe viwili vya chai, akaomba cha tatu. Mke wangu alinitazama juu ya birika, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuuliza kitu kimetoka wapi.

Wiki tatu mama alitembea ndani ya uzio wetu, hadi chooni, hadi kwenye kamba ya nguo, hadi bandani kuwafokea kuku. Kisha zamu ya jumuiya ikafika kwetu. Kwa asiyejua: sisi Wakatoliki wa mtaa mmoja husali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo nyumba hii, wiki ijayo ile, na zamu haimruki mtu. Nilimshauri mama abaki chumbani apumzike.

"Jumuiya ije nyumbani nilimo, mimi nilale?" akasema. "Watafikiri nimekufa, waanze rozari ya msiba."

Walikuja kama watu ishirini, wakajaa kwenye mikeka na viti vyangu, ambavyo vingine walivitambua. Mjane wa bwana misitu alikuwa amekaa karibu na dirisha, bado na kitambaa cheusi kichwani. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa kwanza tulipoisikia korido. Kwi. Kwi. Kwi. Mama akatokea mlangoni kwa kitenge chake kizuri, chuma cha silva mbele yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," waliitikia, wachache.

Wengine walikuwa wanatazama rangi. Hapo ndipo nami nilipoiona. Kila mwaka tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, mtaa wetu huenda makaburini kufyeka nyasi na kupaka upya misalaba ya chuma. Hupakwa silva. Ni rangi ileile kwa kila familia, na makopo yakibakiza kidogo hutupwa kizimbani, kwa kuwa hakuna anayetaka rangi hiyo nyumbani kwake. Nilikuwa nimemshikisha mama yangu msalaba wa kaburi wenye miguu minne.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ndiye aliyelisema. "Mwalimu, hiyo si rangi ya makaburini?"

"Ni rangi ya kawaida," nikasema.

"Na huo mlio?" akasema, akageuka kumtazama mjane. "Mama, huo mlio si wa kile chuma cha marehemu?"

Mjane akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Chumba kikalipuka. Mmoja akasema kitolewe nje kichomwe, mwingine akasema chuma hakichomeki, kifukiwe. Mwingine akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba mwalimu sasa anaokota na maradhi. Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Kikae nje ya nyumba hii, mwalimu, ndipo tuendelee kusali. La sivyo mgonjwa wa pili ni mama yako."

Nikasimama. Niseme ukweli, nilikuwa na hotuba. Ilianza na bakteria, ikapitia mantiki, ikaelekea ukoloni, na nilikuwa nimefika kwenye neno "kimsingi" mama aliponikata.

"Wewe mtoto, kaa chini. Umeshadanganya vya kutosha."

Nikakaa.

"Nilikijua siku ya kwanza," akawaambia. "Nina wiki ngapi nalala kwenye ule ukuta? Baba wa watu alikuwa anaanza kutembea kabla jogoo hajawika. Namsikia anatoka, namsikia anarudi. Asubuhi moja sikumsikia, nikamwambia mkwe wangu, nenda kaulize pale. Si nilikwambia?"

"Ulinambia, mama," mke wangu akasema.

"Hiki kilikuwa kinamtoa ndani kinampeleka kwenye jua. Ugonjwa ndio uliokuwa unamrudisha kitandani. Sasa mnataka kufukia kipi? Mwenyekiti, nikikitoa nje, keshokutwa utakuja wewe kunishika bega nikienda chooni?"

Mwenyekiti akatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Ndipo mjane alipofungua mdomo, na hakuzungumza na mama. Alizungumza nami.

"Mwanangu, ulishindwa nini kuniomba? Nyumba yetu na yenu ni ukuta mmoja. Umengoja kitupwe, ukakiokota, ukakipaka rangi ya kaburi la mume wangu ili nisikijue?"

Kwa hilo sikuwa na hotuba. Nimetetea uokotaji miaka mingi, na bado nautetea, lakini faida yake moja sijawahi kuiandika popote: jalala huliombi. Halikuulizi shida yako. Nilikuwa nimempita mwanamke aliyekuwa anaumizwa na kifo cha mumewe, nikaenda kuchukua kilekile kutoka mahali pasipo na macho.

"Aibu, mama," nikasema. Vijana wa bodaboda wangefurahi kujua kwamba niliipata.

"Mdogo wangu," mama akamwambia mjane, "ni kweli. Hatukuomba. Naomba sasa."

Akatembea katikati ya mikeka, watu wakivuta miguu yao pembeni kama wanapisha gari, kwi, kwi, hadi dirishani. Pale akafanya jambo ambalo daktari hakuruhusu. Akakisukuma chuma hadi kwenye magoti ya mjane, akakiachia. Alisimama peke yake, vidole vikigusa tu meza yangu ya mpini wa jembe. Mguu wake mbaya ulianza kutetemeka. Mke wangu akainuka, mama akamkatalia kwa jicho.

Mjane alikishika chuma. Aliupitisha mkono kwenye mshikio, akaukuna kwa ukucha, na chini ya silva kikatokea kijani. Sijui alitazama kijani kile muda gani. Mguu wa mama ulijua.

"Chukua, dada, utaanguka," akasema hatimaye, akakirudisha. "Ila huyu mtoto wako aikwangue hii rangi yote. Yote. Mume wangu hakuwa msalaba."

Mama akakidaka, akashusha pumzi, akaketi. "Umesikia?" akaniuliza. Kisha akamwambia mwenyekiti, "Tuendelee. Somo nani anasoma?"

Jumatatu nzima nilikwangua. Silva haitoki kirahisi. Mwenyekiti alipita uzioni mara mbili kuhakikisha, mara ya pili akaniletea msasa uliobaki kwa fundi wake, akasema si zawadi, alikuwa anautupa. Mke wangu alipotaka kuutia mafuta ule mguu unaolia, mjane alisema ng'ambo ya ukuta tuuache kwa sasa. Tukauacha.

Wapo bado wanaosema nilileta balaa nyumbani, na wawili wa jumuiya hawali kwangu. Wasile. Mihogo inabaki mingi.

Ijumaa iliyofuata nilipochukua kiroba, mama alikuwa ameshatangulia mlangoni, kanga mabegani, chuma cha kijani chenye mabaka mbele yake. Kutoka kwetu hadi kona ni mbali kuliko chooni mara sita. Tulitumia muda wetu wote wa nusu saa, na trekta likatukuta kizimbani. Vijana wa taka walishuka na makoleo yao.

"Shikamoo bibi. Sogea kidogo tupakie."

"Marahaba. Subirini." Akanyoosha kidole juu ya mifuko. "Mwanangu, lile beseni la bluu. Hapana, la chini yake. Ligonge nisikie."

Nikaligonga.

"Zima hilo," akasema. "Lakini kwanza waulize waliolitupa."

Dereva akazima injini.