Tangi Lisilo na Dawa

Kazi yangu ni kuua samaki kwa utaratibu. Watu wakisikia nafanya kazi maabara, Nyakato, wanadhani natibu. Sitibu mtu. Ikiletwa kemikali, tunaichanganya na maji kwa vipimo tofauti, hafifu hadi kali, tunatia vifaranga wa sato kwenye matangi ya vioo, kisha tunakaa siku kadhaa kuangalia nani anakufa. Tangi moja haliwekwi dawa kabisa. Samaki wa humo wanatakiwa waishi. Wakifa hao, jaribio zima ni bure.

Dada yangu mkubwa anafuga sato kwenye vizimba ziwani, upande wa Igogo. Asubuhi moja aliwakuta wote wanaelea, matumbo juu. Aliamini wameuawa na dawa ya kusafishia mitambo inayotoka kiwanda cha jirani kupitia mfereji. Wenye kiwanda wakamwambia alete ushahidi. Kiwanda kilipoileta dawa ile kwetu ipimwe, ikafika mezani kwangu, nilifurahi kama mtoto. Nikajua safari hii nitamfaa dada.

Nilichota maji ziwani, palepale penye vizimba vyake. Niliona ndiyo haki, samaki wapimwe ndani ya maji wanayoishi. Kesho yake nikapita na kijiti cha kioo, nagusa mkia mmoja mmoja. Samaki asiyeshtuka, mashavu hayachezi, huyo amekufa. Kwenye dawa kali, wamekufa. Kwenye dawa hafifu, wamekufa. Nikafika tangi lisilo na dawa. Nikagusa, nikagusa tena. Hakuna aliyeshtuka. Pampu ya hewa ilikuwa inabubujika vizuri tu.

Mkuu wetu alichungulia. "Mwaga. Rudia na maji ya bomba."

"Na haya ya ziwani?"

"Nani katuomba tupime ziwa? Tumeombwa kupima dawa."

Nilibisha mpaka koo likakauka. Wapi! Nikayaacha maji ya bomba yakae hadi klorini ikaisha, nikarudia. Safari hii samaki wa tangi lisilo na dawa waliogelea kwa raha zao, na hata wale wa kipimo kinachopatikana mferejini hawakufa. Ripoti ikaandikwa kwamba kwa kiwango hicho dawa haiui samaki. Kila neno lake lilikuwa kweli, nami niliichukia kuliko uongo. Nilisaini machozi yakinilenga.

Jumapili nikapanda mtumbwi hadi kwenye vizimba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu!" Alikuwa anacheka. Pembeni yake palikuwa na mifuko ya nailoni iliyojazwa maji na hewa, na ndani yake vifaranga wapya. "Kiwandani wamenisomea ripoti yenu. Kumbe hakuna sumu! Nikasema basi, ilikuwa bahati mbaya, nianze upya."

Nikamweleza habari za lile tangi. Nikamwambia wale wangu walikufa ndani ya maji haya haya, bila tone la dawa. Alinisikiliza hadi mwisho, mfuko mikononi, vifaranga wakigonga nailoni. Kicheko kikafutika usoni mwake. Alitazama ziwa, kisha akanitazama mimi, msomi wa familia.

"Sasa niwapeleke wapi?"

Hewa ya mfukoni haidumu, na vifaranga walishaanza kuja juu kuhema. Dada alifungua mfuko, akawamimina ziwani.