Maji ya Kwanza ya Maharagi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kamio, lori la mizigo, nikiwa na sufuria tatu, mbabula moja ya kupikia kwa makaa na gunia la maharagi, na wanaume sita wakanicheka. Ilikuwa mbele ya duka la Patron, tajiri wetu, pale mtaa wa Asiatique, mjini kwetu kando ya ziwa Tanganyika, wakati wa vita. Patron alikuwa na kamio tatu. Kwenye barabara zetu za milimani watu walikuwa wanaviziwa, kwa hiyo alizikodisha Kenya, kaskazini kabisa, zipeleke unga na mafuta ya kula kwenye ukame. Madereva walitaka mpishi. Mimi nilikuwa mjane, shule niliishia mwaka wa pili, watoto watatu niliwaacha kwa dada yangu. Lakini kupika nilijua. Najisifu, ndiyo.

Mkubwa wetu njiani tulimwita Shefu. Alikuwa dereva wa zamani, mkali, mwenye kukanyaga mafuta. Msimlaumu. Kwetu wakati ule kamio iliyokwenda polepole ndiyo iliyopigwa risasi.

Tulipofika jangwa la Chalbi akashuka mwenyewe, akaachia hewa kwenye mataili, fyuuu. Hiyo inaitwa kupunguza upepo: taili linatanuka kama unyayo wa ngamia, halizami ovyo. Ila ukishapunguza, kukimbia basi. Mnakwenda mwendo wa mama anayetoka sokoni na mzigo kichwani.

Mchana huo tukasimama, nikapika maharagi kama mama yangu alivyonifundisha. Maji ya kwanza yakichemka unayamwaga, yaondoke na gesi, unatia mengine. Nikamwaga sufuria nzima ya watu saba. Mchanga ukayanywa kabla sijageuza shingo.

“We Mama Zena! Umemwaga nini?”

“Maji ya kwanza, Shefu. Bila hivyo matumbo yatawajaa gesi.”

Fundi wetu akacheka: “Muache, Shefu. Anatupunguza upepo kama mataili.”

Shefu hakucheka, akaonyesha madumu ya maji garini. “Maji imebaki bido tatu. Moja ya rejeta, mbili za watu. Kisima iko siku mbili mbele. Mama, tukifika pale, kamio ya kwanza inayorudi unapanda. Mi sitaki mutu wa kuniulia watu.”

Kosa lilikuwa langu, na kibarua changu kilikuwa kimeota nyasi mahali ambapo hata nyasi hazioti.

Kesho yake kamio ya mbele ikazama mara mbili. Kila ikizama injini inanguruma, inachemka, rejeta inadai maji. Nikashuka kutazama. Juu palikuwa na ganda jeupe la chumvi, gumu, zuri. Nikavua viatu, nikakanyaga kwa kisigino. Mungu wangu, Buterere! Mimi nimezaliwa kule, kwenye mashamba ya mpunga. Udongo uliokauka juu na chini ni uji, kisigino changu kinaujua tangu utoto.

“Shefu, nitatangulia kwa miguu. Mnifuate.”

“Mama, hapa si shamba la mpunga.”

“Apana, Shefu. Uji ni uleule.”

Akatazama ile bido ya rejeta, imebaki nusu. Akawasha gari.

Nikatembea siku mbili kasoro, kamio tatu zikinifuata kama ng'ombe. Penye uji nazunguka, penye ugumu napunga mkono. Na hapo, wajukuu zangu, nikaona dunia. Kwetu nilikuwa naogopa majani marefu, naogopa kona, na kimya chenyewe nilikiogopa. Kule hapakuwa na kichaka cha kumficha hata sungura. Mchungaji na ngamia wake nilimwona mdogo kama kijiti cha kiberiti, na mpaka anafika nilikuwa nimeshamzoea. Mbele nikaona ziwa, nikadhani Tanganyika imenifuata! Nikilisogelea, linasogea. Nikacheka peke yangu, nikasema Subhanallah. Mwili wangu ulikuwa na miaka haujalegea namna ile.

Kisimani tulifika na bido moja nzima. Kulikuwa na kamio inarudi Marsabit. Nikaanza kufunga sufuria zangu.

“Unafunga nini?” Shefu akauliza.

“Si ulisema narudi?”

“Na mbele atatembea nani, mi na tumbo hili?” Akageuka, kisha akarudi. “Lakini maharagi, we mama, maji ni yaleyale, hakuna kumwaga!”

Nikakaa nao miaka saba, mpaka Patron alipouza kamio zake. Wanaume wale walijaa gesi miaka saba, na hakuna aliyekufa kwa gesi.

Sasa nimepumzika, nimerudi Buterere. Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda, na bado mjukuu wangu akiinua sufuria ya maharagi amwage, namwambia weka chini. Anaguna. Tukienda sokoni ananiacha nyuma, ananingoja kwenye kona, anasema, “Pole, Bibi, magoti hayo.”

Magoti yangu mazima. Namwacha aamini hivyo, naendelea kukanyaga kisigino kwanza, nikitazama mbali.