Wateja wa Alhamisi wa Mama Kulthumu

Nikipita leo pale lilipokuwa duka la Mama Kulthumu, karibu na soko la Minago, Rumonge, naona wanauza vocha na chaja za simu, na roho inaniuma. Hawana kosa, maskini. Lakini mimi bado nasikia cherehani yake ikilia, na harufu ya mawese ikiingia na upepo wa ziwani. Wallahi, ningepewa siku moja tu ya zamani, ningeichagua Alhamisi.

Duka lilipakana na kituo cha afya. Kila Alhamisi muuguzi Niyonkuru alitoka Bujumbura kuja kuwaona wagonjwa wa kichwa, yaani wa akili, na benchi la kungojea lilitazamana na barabara ya sokoni. Ukikaa hapo asubuhi, jioni Minago nzima imeshajua. Walituita "watu wa Alhamisi". Ndiyo, hata mimi Cibalonza nilikuwa mmoja wao, na nalisema kwa kinywa changu mwenyewe. Baada ya kumzika mama yangu usingizi ulinikimbia, nikaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Siku ya kwanza nililiona lile benchi, nikageuka kurudi nyumbani.

"We dada! Amahoro? Unaenda wapi na hiyo sura? Njoo huku!"

Ndiye Mama Kulthumu huyo. Akaniketisha kati ya wateja wake, akanitupia kitenge mapajani, jina langu akalipeleka uani. Punde mlango wa uani, ule unaotokea kituo cha afya, ukafunguka, Niyonkuru akachungulia. "Cibalonza, njoo ujaribu nguo." Nikamfuata, nikatibiwa. Kumbe nusu ya wale waliokaa na vitambaa hawakuwa na nguo yoyote ya kushona!

Mama Kulthumu mwenyewe alikuwa na mdomo, lo! Alimtukana mbuzi wa jirani, akaitukana bei ya uzi. Ukichelewa kuchukua nguo yako, mtaa mzima utaambiwa. Lakini vipimo vya mwili wa mwanamke hakuvitaja kwa sauti hata siku moja. Alipima kimya, akakaa navyo kichwani.

Basi Espoir, fundi wa injini za mitumbwi kule Kabonga, akanitaka. Nilimpenda mpaka chakula hakipiti. Sasa kwetu, kabla ya mahari, shangazi wa mvulana huzunguka akiuliza: nyumba ile iko na kifafa? Iko na wazimu? Shangazi yake nitamwita Elda. Jina lake la kweli ni lake, msinisumbue.

Alianzia kituo cha afya. Niyonkuru akamjibu kwamba habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa, hata mumewe akija hapewi bila ruhusa yake. Shangazi akazunguka ukuta, akaingia dukani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ndiyo kwanza nimetoka kwa Niyonkuru, dawa zimo mkononi. Nikaganda.

"Mama, wewe unaona kila kitu hapa. Yule Cibalonza, iko mugonjwa wa Alhamisi?"

Cherehani ikanyamaza. Nikajua ndoa yangu imekwisha.

Mama Kulthumu akainuka, akachukua futi yake. "Simama nikupime."

"Sikuja kushona, mama."

"Anayeingia hapa anapimwa." Akamzungushia futi kiunoni, akaivuta, akasoma. Kisha akageukia mlangoni, akapaza sauti: "Jamani wa sokoni! Sikieni! Kiuno cha mama huyu ni—"

Shangazi akamziba mdomo kwa kiganja. "Mama, tafadhali! Watu iko wanasikia!"

Mama Kulthumu akauondoa mkono ule taratibu. "Kiuno chako kila mtu anakiona njiani, na bado unakionea haya. Sasa ya ndani ya kichwa cha mutoto wa watu, ambayo hakuna anayeyaona, ndiyo unataka niyatangaze?"

Shangazi alitoka bila kuaga. Nami nikatoka nyuma ya pazia nikilia. "Murakoze sana, mama."

"Usinishukuru!" akanifokea. "Mimi sikusema na sitasema. Lakini Espoir anakuoa wewe, haoi pazia langu. Ukitaka ajue, mdomo unao."

Nilimwambia Espoir jioni ile, ufukweni. Alikuwa anafuta injini. Alifuta mpaka nikadhani hakusikia, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Alhamisi nani anakusindikiza?" Tangu hapo akanisindikiza yeye mpaka mlangoni pa duka, kitambaa kiko begani mwake. Jinsi nilivyompenda siku zile, acheni tu.

Mama Kulthumu alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Kwenye matanga wanawake tulijaa mpaka barabarani, wengine wametoka Kabezi. Binti yake Raisa, aliyeishi mbali miaka mingi, alishangaa. Akapita akiuliza kila mmoja alimjuaje mama yake.

"Alinishonea," akasema wa kwanza.

"Alinishonea," akasema aliyefuata, na mimi nikasema hivyo hivyo. Tulitazamana, tukainamisha macho.

Raisa akafika kwa mama mzee aliyekaa peke yake pembeni. Alikuwa Shangazi Elda. Nguo za shangazi nazijua zote, tangu niolewe nimezifua mwenyewe. Zimeshonwa Uvira, hakuna hata moja iliyotoka kwa Mama Kulthumu.

"Alinishonea," akasema shangazi, akijifuta machozi.

Nikasogea, nikampa nafasi kwenye mkeka wangu. Sikumuuliza kitu.