Mbuzi wa Shemasi

Miezi miwili kabla kaka yangu hajapewa upadre, mama yetu alimwolea mke. Naomba nieleze polepole, maana hata paroko wetu alipoambiwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, kisha akauliza swali lilelile mara ya pili.

Kwetu ni upande wa Migwani. Nyumbani tulikua wawili tu, mimi kifungua mimba na yeye kitinda mimba. Katikati yetu kuna makaburi mawili madogo ambayo Mama hapendi kuyataja. Baba alifariki kaka akiwa kidato cha pili. Mimi niliolewa Tawa, kule Makueni, na huko ninafundisha shule ya msingi, somo la dini. Kaka aliingia seminari. Hivyo nyumba ya baba ikabaki na mwanamume mmoja, na siku aliyopewa ushemasi mwanamume huyo aliahidi mbele ya askofu kwamba hataoa maisha yake yote.

Mama si mtu wa kuchezea imani. Ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare kwenye kigango chetu, na ole wako uviguse kwa mikono yenye mafuta. Siku ya ushemasi alicheza mpaka kiatu kimoja kikakatika, akaendelea na kingine. Hakuwahi kumkataza mwanawe hata kidogo. Ila baada ya sherehe, alipobaki peke yake, akaanza kunipigia simu na kuniuliza jambo moja, leo kwa njia hii, kesho kwa njia ile: nani atamrudisha baba yenu?

Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo ndivyo mzee anavyorudi nyumbani kwake. Mwanangu wa pili ana jina la baba, ndiyo, lakini jina hilo linaishi Tawa, kwa ukoo wa mume wangu. Nyumba isiyo na mtu wa kubeba jina lake ina dawa yake ya tangu zamani, nayo ni iweto. Mama mwenye nyumba anatoa mbuzi, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa mwanamke huyo wanahesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Hakuna anayeshangaa. Nimekaa darasani na watoto wa iweto, na leo mmoja wao ni daktari wa mifugo.

Mimi nilikuwa na swali langu la upande mwingine. Msichana mmoja wa gredi ya sita alinyoosha mkono nilipokuwa nikifundisha habari za Haruni na wanawe, akauliza: kama makuhani wa Biblia walioa na watoto wao wakarithi kazi, mbona Fatha wetu hana mtoto? Nilimwambia aketi, jibu ningempa kesho. Kesho hiyo ilikuwa haijafika bado. Mama mkwe wangu, ambaye ni wa kanisa la wokovu na ana ulimi kama wembe, hakunisaidia. Kila akisikia habari za kaka alinitania: "Pazia ya hekalu ilipasuka, nyinyi mkaenda na sindano mkaishona tena."

Basi likizo ya Agosti shemasi akaja nyumbani, nami nikaenda kumwona. Tulikuwa uani watatu, tukipepeta ndengu, nikamshika palepale.

"Biblia inasema sisi wote ni makuhani," nikamwambia. "Sasa wewe unaongezewa nini?"

"Ni ukweli, dada. Ukibatizwa, wewe ni kuhani. Hao watoto unafundisha, hiyo kuchoka yako, huyo mzee wako na kelele yake, hiyo yote unampatia Mungu. Hiyo ni sadaka."

"Na wewe?"

"Mimi nachukua hiyo yenu naiweka pamoja na ile ya Yesu. Kuhani ni mmoja tu, ni yeye. Mimi nampatia mikono na mdomo. Upadre yangu ni ya kusaidia hiyo yenu, si ya kuwapita."

Nikamuuliza kuhusu Haruni. Akacheka, akasema swali hilo waliulizwa kwenye mtihani. Ukuhani wa Haruni, alieleza, ulikwenda na damu. Mtu alitakiwa kuonyesha baba yake ni nani na babu yake ni nani. Lakini zamani kabla ya Haruni alikuwapo mwingine, Melkizedeki, aliyemletea Abrahamu mkate na divai akambariki. Huyo hakuandikiwa baba, hakuandikiwa mama, hakuandikiwa mtoto. Anatokea tu, anatoa, anabariki. Ndiyo maana Yesu, ambaye hakuwa wa kabila la Haruni, anaitwa kuhani kwa mfano wake, na padre anashiriki ukuhani huo, ambao haurithiwi nyumbani.

Mama alikuwa ameacha kupepeta. "Huyo Melkizedeki," akasema, "mama yake alisema nini?"

"Mwaitu," kaka akajibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "haijaandikwa kama alikuwa na mama."

"Haikuandikwa. Lakini alikuwa naye."

Nilicheka mpaka ndengu zikamwagika. Ninajuta kicheko kile, kwa sababu Mama alikuwa akiuliza kwa dhati na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu.

Kaka aliporudi seminari, Mama alinipigia simu. Amepata msichana mzuri, akasema, mwenye heshima, ana mtoto mmoja wa kike, na wazee wa kwao wamekubali kupokea mbuzi. Atakuwa iweto wa nyumba yetu, aje baada ya mavuno. Mimi, mwalimu wa dini, nilisema nini? Nilisema, "Ni sawa, Mwaitu." Nilimfikiria Mama peke yake katika boma lile, akipika chakula cha mtu mmoja, nikaona afadhali. Wala sikumwambia kaka.

Mambo yangepita hivyo kama si ukarimu wa wakwe. Jumapili ya pili ya matangazo ya upadre wa kaka, yale ambayo kanisa huuliza kama kuna anayejua kizuizi, mjomba wa yule msichana alivaa koti, akaenda ofisini kwa paroko. Hakuenda kushtaki mtu. Alienda kwa furaha kabisa kuuliza wakwe wa shemasi wataketi hema gani siku ya sherehe, na kama ni lazima waje na zawadi moja kwa ukoo au kila mtu na yake.

Tuliitwa siku tatu baadaye. Kaka alitoka seminari bila kujua anaitiwa nini. Paroko ni mtu wa Murang'a, mpole, Kikamba chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo Mama ilimbidi ajitetee kwa Kiswahili.

"Mama, nasikia umeoa."

"Eeh Fatha. Nimeoa."

"Umeoa mwanamke."

"Kwani ningeoa nini?"

Hapo ndipo alipovua miwani. Nikaingilia kati, nikamweleza iweto ni nini. Alisikiliza vizuri, akauliza na maswali ya maana, nikaona anapenda kujua kama mimi. Kisha akamgeukia Mama: "Sasa hao wazee walipouliza hii bibi ni ya mwanamume gani, ulisema nani?"

Mama aliangalia mikono yake. "Nilisema mzee wangu. Wakakataa, ati wanataka mtu anapumua."

"Ukasema nani?"

Akamwangalia kaka. Hilo mimi sikulijua. Uso wa kaka ulibadilika, akaonekana mtoto, yule niliyembeba mgongoni.

"Mama, sikiliza," paroko akasema. "Kwa kanisa hii si ndoa. Kijana hakujua, hakukubali. Lakini kwa watu wenu ni ndoa, na padre anatumwa kwa watu. Askofu hawezi wekea mtu mikono na kijiji yote inajua ako na bibi. Hizo mbuzi zikikaa huko, hakuna upadre."

"Lakini Fatha, hatamgusa! Hata hatamwona na macho. Ni jina tu nataka. Mwili chukueni nyinyi, mimi mniachie jina."

"Haigawanywi, mama. Mtu hawezi kujipeana halafu jina yake inabaki nje."

Hapo kaka akazungumza, na alizungumza kwa Kikamba. Alisema hatamlazimisha. Kama Mama anataka mbuzi wakae, leo hii atamwandikia askofu barua, aombe kufunguliwa ahadi zake, arudi nyumbani aoe mwenyewe, na mtoto wa kwanza apewe jina la baba. Nilimkasirikia sana. Miaka yote ile ya masomo, kisha anamtwisha mama mzee mzigo ambao yeye na askofu wangeweza kuubeba wenyewe!

Mama alimuuliza swali moja tu. "Ukirudi, utakuwa na raha?"

Angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya. "Hapana, Mwaitu," akasema.

Mama akasimama, akajifunga leso yake upya. "Basi tukachukue mbuzi."

Tulikwenda kesho yake, mimi na yeye na mzee mmoja wa ukoo, maana kwetu ndoa ikivunjwa lazima mbuzi warudi mbele ya mashahidi. Baba wa msichana alituwekea viti, akatupa chai, akasikiliza bila kupandisha sauti. Mbuzi watatu walikuwa wamekwenda, alitoa wanne. Jike mmoja alikuwa amezaa pale kwake, na baba huyo akashikilia kwamba mtoto yule ni wetu, asije akasemwa kuwa alikula mali ya kanisa. Mama alimtazama yule mwanambuzi, akacheka kicheko kibaya. "Angalau huyu amezaa," akasema.

Msichana alitusindikiza hadi barabarani, akiwa ameshika kamba ya yule jike. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilitarajia lawama, na nafikiri nilistahili. Alimpa Mama kamba akamwambia, "Mimi sikukubali kwa sababu ya shemasi, Mwaitu. Nilikubali kwa sababu yako." Mama alimshika shavu, wakakaa hivyo kitambo kirefu. Njiani kurudi nililia waziwazi mpaka mzee wa ukoo akatutangulia na mbuzi.

Maswali hayakuniacha, bali yaliongezeka. Nilimrudia yule msichana wa gredi ya sita, nikamwambia kwamba padre hana mtoto kwa sababu ukuhani wake unatoka kwa Yesu, haupiti kwenye ukoo, na kwamba anajitoa mzima, hata jina. Aliandika yote. Kisha akanyoosha mkono tena: "Na mwalimu, yeye akijitoa, watu wa kwao nao wanatoa nini?" Safari hii sikumwambia aketi. Nilimwambia sijui vizuri, nitaenda kuangalia.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa parokia, hema baada ya hema, na mama mkwe wangu akaja na kundi lake la wokovu, wakaketi karibu na mbele ili waone vizuri. Ibada ina sehemu yake: shemasi anaitwa, anajibu yupo, na wazazi wake wanamshika mkono kumpeleka kwa askofu na kumkabidhi. Kwa kuwa baba hayupo, nilisimama mimi upande wake. Mama alikuwa kulia, mimi kushoto, kaka katikati na vazi lake jeupe. Kwaya iliimba, akina mama wakapiga vigelegele, tukapanda ngazi tatu za jukwaa.

Askofu alinyoosha mikono yake miwili kumpokea. Mimi nilimwachilia kaka mara moja. Mama hakumwachilia. Kwaya ilimaliza ubeti, ikangoja, ikaanza ubeti uleule tena. Paroko akasogea hatua moja, askofu akamzuia kwa macho. Kaka alitazama chini.

Askofu wetu anakisikia Kikamba. Mama alimwambia kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia akiwa sokoni: "Huyu ndiye wa mwisho. Nyuma yake hakuna mtu. Nataka ujue kwamba ninajua ninachotoa."

Askofu aliinamisha kichwa, kofia yake kubwa na yote, akangoja.

Mama akafungua vidole.