Mchicha Uliokataa Dawa

Tangu Jumatatu Lavonne Pettis alikuwa hakai akakalika. Anaanza kuosha vyombo, anaviacha na povu lake, anampachika mwanawe Keziah kiunoni na kutoka tena kuangalia pamba.

Huo ulikuwa mwaka wake wa nne kwa akina Pettis, upande wa Arkansas wa Mto Mississippi, ambako mtu hupimwa kwa usafi wa mistari yake ya pamba. Watu wakitoka kanisani huendesha polepole wakikagua mashamba ya wenzao. Wakifika shamba la akina Pettis siku hizi walikuwa karibu kusimama kabisa, maana katikati ya pamba ulijaa mchicha mwitu, mrefu kumpita mumewe, Dorsey.

"Nimeupiga dawa mara mbili," Dorsey alisema mezani. "Naupiga ya tatu."

"Dawa ileile?"

"Imetusafishia shamba miaka sita. Nibadilishe kwa nini?"

Mama mkwe akacheka puani. "Sisi tulikuwa na majembe na migongo. Na mchicha ulikuwa unakufa, mwanangu."

"Mama, kula maharage yako."

Lavonne hakucheka. Alikuwa akiikumbuka ile mitano. Mwaka jana, baada ya dawa, michicha yote ilinyauka isipokuwa mitano kwenye kona ya mtaro. Dorsey alisema bomba limeiruka tu, mitano si kitu. Wakaiacha ikakomaa. Mashine ya kuvuna ikaanzia kona hiyo, ikazunguka shamba na mbegu zake.

Akasimama, akamvuta mumewe mkono. "Twende."

Waliifuata michicha kutoka konani. Haikuota ovyo. Ilikwenda kama njia, upana wa mashine, na mashine ilipokata kona mwaka jana, nayo ilikata kona.

"Hawa ni watoto wa ile mitano," Lavonne alisema. "Dawa haikuifundisha kitu, Dorsey. Iliua inayokufa, ikabakiza iliyozaliwa haifi. Hiyo ndiyo iliyozaa. Ukipiga tena unaifyekea wenzake tu, ipate nafasi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeichagua?"

"Ni sisi. Mimi niliiona nikanyamaza."

Alivunja suke la mchicha jike, ule unaobeba mbegu, likamchoma vidole. Akalisugua kiganjani. Mbegu bado zilikuwa nyeupe, laini. Mmoja tu hubeba maelfu kwa maelfu.

"Zikishakuwa nyeusi zitamwagika," alisema. "Mwakani hatuna shamba."

"Tung'oe kwa mkono? Yote hii?"

"Hatutawahi. Uulime na kuufukia huo ukanda wote. Na pamba yake."

"Pamba ina vitumba, Lavonne! Unataka nichekwe?"

"Wanacheka tayari."

Dorsey alisimama, kofia mkononi, akiitazama pamba yake kama mtu anayeagana na mgeni. Kisha akaenda kuwasha trekta.

Mama mkwe alimchukua mtoto, akageuka asione. Haro ya trekta iliingia, pamba na michicha vikalala pamoja, harufu mbichi ikapanda. Lavonne alifuata nyuma na gunia, haraka, jasho likimwingia machoni, akiokota masuke, akichungulia kingo za ukanda, hadi mistari miwili ndani ya pamba iliyobaki. Aling'oa mmoja uliojificha. Akang'oa mwingine.

Dorsey alifika mwisho, akageuza kichwa. "Imekwisha?"

"Kuna mwingine hapa," Lavonne alipiga kelele, tayari ameinama. "Usizime!"