Barua Niliyoipeleka Nyumba Isiyo Yake

Kwetu, kwenye miteremko ya Rwenzori juu ya Bwera, mtoto hapewi jina la ukoo. Hupewa jina la nafasi aliyozaliwa. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na nyumba zote hutumia majina hayo hayo. Simama mlangoni mwa shule uite binti wa kwanza, watageuka kumi. Kwa hiyo jina la ubatizo lina kazi kwetu: ndilo linalomtenga mtoto na wenzake.

Mimi nilikuwa katekista zaidi ya miaka thelathini na jambo hilo nililijua. Hata hivyo, mwaka aliofariki mke wangu, waliletwa kuandikishwa ubatizo mabinti wawili, wote wa kwanza kwa mama zao, na mama wote wawili waliniambia, "Mwalimu, tuchagulie wewe." Nikachagua jina la mke wangu, mara mbili, mistari miwili inayofuatana katika kitabu. Padre aliniuliza kama nimekosea. Nikamwambia hapana.

Watu wakazoea. Mmoja akaitwa wa Juu, kwa sababu nyumba yao iko karibu na kanisa, mwingine wa Mtoni. Baba yake wa Juu analima kahawa na ni mzee wa kanisa. Binti yake alisoma masomo ya Jumapili kwa sauti safi, na swali lolote ukiuliza, mkono wake ulikuwa wa kwanza. Wa Mtoni alilelewa na mama peke yake, muuza nyanya mpakani. Siku za soko hakuonekana shuleni. Akija, alikaa nyuma na kuandika.

Walimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, shule moja. Nami tangu nistaafu nilikuwa nimejitwika kazi moja: kuwashika vijana katika ile miezi wanayongoja matokeo. Miezi hiyo hutunyang'anya wengi. Wasichana huolewa, wavulana huingia kwenye bodaboda za mpakani, na barua ya kidato cha tano ikifika haimkuti mwenyewe. Kila Jumamosi niliwakusanya kanisani tukasoma, tukajaza fomu, tukazungumza juu ya masomo ya kuchagua na kazi zilizoko mbele yao. Namshukuru Mungu kwa kila Jumamosi aliyonipa.

Barua zilipotoka, mkuu wa shule yao alinikuta Bwera karibu na kituo cha teksi. "Mwalimu, unapanda mlimani? Wapelekee hawa wako." Zilikuwa tatu. Moja, kwa maandishi ya bahasha, ilitoka shule ya wasichana ya Kasese, masomo ya sayansi, nayo ilikuwa na lile jina. Chini ya jina palikuwa na namba ya mtihani, ikiishia na mia moja arobaini na saba. Kwa katekista namba ni wimbo. Mia moja arobaini na saba katika kitabu chetu ni wimbo wa shukrani ya mavuno, na moyo wangu uliimba njia nzima.

Sikujiuliza barua ni ya nani. Miguu ilipita njia panda ya mtoni bila kusimama, ikapanda juu mpaka kwa mzee wa kanisa, aliyeitunza ili niisome mimi kwanza, Jumapili.

Jumapili niliisoma mbele ya watu wote, jina na namba, nikasema wimbo wa leo namba yake ni hiyo hiyo. Baba wa mtoto alisimama akafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi pia nililia. Binti mwenyewe alisimama karibu na ngoma akiwa ameinamisha kichwa, nami nikaona kuwa ni heshima. Wa Mtoni hakuwepo. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Bwera, na yeye alikuwa huko kwa wiki ya tatu, akimuuguza. Jumatatu wa Juu akapelekwa Kasese na godoro na sanduku la bati lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe.

Ijumaa ya wiki ile ile, saa tatu asubuhi, wa Mtoni alibisha mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Anakaa sasa. Anakula uji." Akatoa kadi ya mtihani kwenye mfuko wa nailoni. "Nimekuja kuomba barua ya kanisa. Kuna fundi cherehani sokoni anachukua wasichana waliomaliza kidato cha nne. Nafasi imebaki moja."

"Na kidato cha tano?"

"Barua yangu haikuja."

Alisema hivyo bila kulalamika. Nilitoa karatasi, nikavaa miwani, nikaanza kunakili kadi kama ninavyofanya siku zote, jina kwanza, kisha namba. Nilipofika tarakimu tatu za mwisho kalamu ilisimama. Ilikuwa namba ya wimbo wa mavuno.

Niliisoma tena. Nikamwomba asome yeye kwa sauti, labda macho yangu yamezeeka.

"Mia moja arobaini na saba," alisema. "Kuna nini, mwalimu?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza akikunja mfuko wa nailoni mara mbili, mara nne, mpaka ukawa mdogo kama kiberiti. Mwisho wa kuripoti, barua ilivyosema, ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nafasi iliyo wazi hupewa walio kwenye orodha ya kungoja, na sheria hiyo haimjui maskini wala tajiri.

"Yeye yuko darasani sasa?" aliuliza.

"Yupo."

"Atafanya nini?"

Nikamwambia achukue sweta.

Tulishuka mbiombio mpaka barabarani tukapata bodaboda moja kwa wawili. Kijana wa boda alitutazama. "Muzee, tuko batatu. Polisi iko pale kwa kona."

"Utawaambia nini?"

"Nitasema ni babu yangu, iko mugonjwa."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi usicheke-cheke."

Hakukuwa na hatari ya kucheka. Tulipita hospitali kwanza, maana mtoto haondoki bila mama yake kujua. Mama alikuwa ameegemea ukuta, shuka magotini. Nilimweleza kwa maneno machache nikitazama sakafu.

"Jumapili mliimba," alisema. "Jirani wa kitanda hiki aliniambia kuna mtoto wa huko kwetu amepata shule kubwa. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu."

"Nisamehe, mama."

"Mwalimu, una hakika mara hii?"

"Nina hakika."

"Kwa sababu fundi cherehani naye hangoji." Kisha akamgeukia binti. "Nenda. Muuguzi atanipa uji."

Teksi ilikaa kituoni mpaka saa nane ikingoja ijae, na nilijifunza upya maana ya subira ambayo nilikuwa nikiwafundisha wengine. Mbele kidogo daraja lilikuwa likitengenezwa, magari yakipita upande mmoja kwa zamu. Mtoto alitazama saa ya dereva. Mimi nilisali rozari mfukoni, na kila nilipofika kwenye fumbo niliona uso wa wa Juu akiitwa kutoka darasani. Nilikuwa naomba mlango ufunguke kwa mmoja, nikijua kuwa mlango huo huo utamtoa mwingine, tena kwa mkono wangu.

Tulifika lango la shule, Kasese, saa kumi na dakika tano. Mlinzi alikuwa mzee kama mimi, amevaa koti la jeshi lililopauka.

"Simama hapo. Leo hapana siku ya kutembelea watoto."

"Sikuja kutembelea. Nimeleta mwanafunzi wa kidato cha tano."

"Barua?"

"Barua iko ndani. Ilitangulia bila mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayepima kichaa. Nikamwambia, "Afande, baba yangu alikuwa sajini. Nimelelewa kambini, Kiswahili hiki nimekipata huko. Najua amri ni amri. Naomba dakika kumi tu za ofisi."

"Kambini walikufundisha maneno mingi," alisema, akasukuma daftari. "Mutoto aandike jina."

Aliandika. Mlinzi akavuta daftari, akarudisha kurasa nyuma kwa kidole kilicholowa mate, akasimama kwenye Jumatatu. "Hii jina iko ndani tayari. Aliingia na sanduku."

"Hiyo ndiyo shida tuliyoileta, afande."

Alifikiri. Kisha akafungua lango nusu, upana wa mtu mmoja.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi la wazazi. Mama mmoja mwenye lafudhi ya kaskazini, mke wa askari nadhani, alimshika binti yake mkono na kutazama mlango wa ofisi bila kupepesa. Hao ndio waliongoja nafasi. Tuliwapita. Mkuu wa shule hiyo, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alinisikiliza huku mkono wake ukiwa juu ya rundo la karatasi za matokeo, zile zenye picha. Nilipomaliza alipekua, akatoa moja, akaiweka karibu na uso wa wa Mtoni.

"Hizi zilifika jana. Nalinganisha picha na sura, nilikuwa nimefika katikati ya rundo," alisema. "Mzee wangu, kesho ningemkuta yule na kumrudisha. Na huyu angekuwa amechelewa. Nafasi ingekwenda benchi lile." Akamwambia karani amwite msichana.

Wa Juu aliingia akiwa na sare mpya ambayo mistari ya pasi haijatoka. Alimwona mwenzake, akaniona mimi, wala hakuuliza tumefuata nini.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua Jumapili, mwalimu. Ulipotaja wimbo. Namba yangu inaishia na mia moja arobaini na nane."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unalia. Baba naye analia. Watu wanapiga vigelegele. Nilisema nitamwambia baba tukifika nyumbani. Tulipofika walikuwa wamechinja kuku. Kisha nikasema nitasema njiani. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa mmoja, nikaona ninadaiwa msamaha na wawili, na kwamba huyu nilimfunga mdomo kwa machozi yangu mwenyewe.

Mkuu alitazama saa ya ukutani, kisha vitu vya wa Mtoni: mfuko wa nailoni na sweta. "Godoro liko wapi? Sanduku? Siwezi kumwandikisha bwenini bila vitu. Ndiyo sheria. Imebaki nusu saa."

Hili sikuwa nimelifikiria. Nilisema ningekimbia mjini, nikijua kuwa magoti yangu hayakimbii.

"Achukue yangu," wa Juu alisema. "Sanduku lina jina lake tayari."

Wa Mtoni ndipo akazungumza mara ya kwanza tangu tuingie. "Baba yako atakasirika."

"Atakasirika hata likirudi."

Wakaenda bwenini pamoja. Waliporudi wa Juu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na sare imekunjwa juu ya godoro. Sikuona wakiagana. Niliona tu wa Mtoni akiandika jina lake kwenye daftari la mkuu, taratibu, na pembeni yake namba. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Mama wa kwenye benchi aliinuka, akamfunga binti yake kitambaa upya, wakaondoka.

Tulirudi mimi na wa Juu. Hakulia. Kwenye daraja aliniuliza, "Mwalimu, utaanza wewe au nianze mimi?" Nikasema nitaanza mimi.

Tulimkuta baba yake uani akigeuza kahawa kwenye mkeka kabla jua halijazama. Nilimweleza kosa langu tangu kitabu cha ubatizo mpaka siku hiyo, bila kumtaja mtoto kwa neno baya. Alisikiliza akiendelea kugeuza. Kisha akamwita binti yake, akamkabidhi reki.

"Alama zako mwenyewe zikoje?" alimuuliza. "Zako, siyo za yule."

Akamtajia. Hazikuwa mbaya. Zilitosha shule ya kutwa ya hapa Bwera.

"Ungesema Jumapili," alisema, "kuku wangekuwa hai." Kwangu hakusema lolote usiku huo, wala Jumapili nilipokiri mbele ya watu. Alisubiri wiki tatu ndipo akanipa mkono, nami nilizipokea wiki hizo kama haki yangu.

Wa Juu alipata barua yake mwishoni mwa mwezi. Mkuu wa shule yao ya zamani aliniona tena kituoni Bwera, akaingiza mkono mfukoni, akasema, "Mwalimu, unapanda?" Nikamwambia ninapanda, lakini barua sibebi. Nilimpelekea mtoto habari tu. Kesho yake alishuka mwenyewe, kadi ya mtihani mkononi, akalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu kabla ya kuifungua barua.